Laki Nne za Kumchunguza Hafsa

— Laki nne za serikali, Jumbe, na zimekwisha kwa kumuuliza mtoto jina la babake?

Aliyeuliza ni mimi, na sauti sikuipunguza. Tulikuwa kijiweni kwa Ayubu muuza kahawa, mtaani Nguvumali, mwaka ule mashua zikishusha watu wa Kismayu waliokimbia vita, na kati yao watoto wasio na wazazi. Serikali ikatoa fungu wachunguzwe: huyu ni wa nani, na nani apewe. Jumbe, sisi twamwita Katibu Kikao, yumo kwenye kamati ya uchunguzi huo.

— Si jina tu. Tumeuliza na kabila. Vikao vitatu, bwana. Mchovya asali hachovyi mara moja.

— Hapo umesema kweli, nikamwambia.

Sadalla Redio, ambaye husikiliza habari nusu akaimalizia mwenyewe, akaweka kikombe chini.

— Laki nne ndogo. Nasikia wamemtuma mtu kwa ndege hadi Kismayu, akawaulize majirani.

— Majirani gani, Redio, nikamuuliza, na wote wameshuka hapa?

— Ndiyo maana hajarudi. Anawatafuta.

— Siku hizi kila kitu ruksa, akasema Ayubu. Kesho mtaona watoto wamemwagwa chini kama mitumba, unachagua anayekutosha.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akajibu Jumbe, wala hakujua tunacheka nini.

Akatokea Bi Semeni, jirani yangu, anayemlea Hafsa tangu mtoto ashuke mashuani.

— Shikamoo, Bi Semeni. Kaa upate kahawa.

— Marahaba. Sikai. Jumbe, yule anayesema ni mjomba wa Hafsa, mmemruhusu amchukue Ijumaa?

— Mtoto kachunguzwa, bibi. Kafaulu.

— Mtoto namjua, nalala naye. Huyo mwanamume mmemuuliza nini?

Jumbe akamtazama Redio. Redio, aliyeijua Kismayu yote, akatazama kikombe.

— Hafsa ni wa Wazigua wa huko huko Kismayu, akasema Bi Semeni, haonji utumbo. Mwiko wa ukoo wa mamake. Mjomba ni tumbo moja na mama, mwiko wao mmoja. Jana nimempikia huyo mjomba utumbo wa mbuzi. Kaomba sahani ya pili.



— Fungu limekwisha, bibi, akasema Jumbe.

— Lilikuwa la Hafsa. Mnadaiwa uchunguzi wa huyo mjomba, na nautaka leo.