Daktari wa Wanaoambiwa "Huna Ugonjwa"

Ijumaa, tarehe 28 Juni, Mama Taratibu anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kutibu katika hospitali yetu. Jina hilo tulimpa sisi wauguzi, na hatukumpa kwa mapenzi. Daktari wa chumba cha pili humaliza wagonjwa wanne, yeye bado yuko na wa kwanza, na foleni nzima inanitolea macho mimi niliyekaa mlangoni.

Wagonjwa wake ni wale waliokwisha kuzunguka kote: kifua kinabana, tumbo linachoma, kichwa kinagonga, na kila kipimo kinarudi safi. Wakiambiwa "Huna ugonjwa, nenda nyumbani," yeye ndiye anayepandwa na presha. Siku moja alimfuata daktari kijana hadi kantini. "Mwanangu, sema hujaona kitu. Usiseme hakuna kitu!" Chai ya watu ilipoa.

Mwaka juzi mshonaji mmoja aliletwa na mumewe kwenye kiti cha magurudumu. Tangu alipoteleza ngazini, mguu wake wa kulia ulikuwa umegoma. Mgongo, kichwa, damu, vyote vilipimwa, vyote vizima. Kibanda chake kilifungwa, watoto wakapelekwa kwa shangazi yao, na mume alishaapa kwamba wakitoka hapa anamrudisha mke kwao.

Mama Taratibu alimlaza mshonaji, akaweka kiganja chini ya kisigino cha mguu uliogoma, akamwambia ainue ule mzima. Mguu mzima ulipopanda, uliogoma ukakandamiza kiganja. Akamwita mume naye aweke mkono.

"Si nilisema? Anaigiza!" mume akadakia.

"Shemeji, hebu ninyamazie kidogo." Mama Taratibu alijizuia asifoke. "Nguvu ipo. Akiulazimisha mguu huu, amri ya ubongo inapotea njiani. Akiufikiria ule mwingine, inapita yenyewe. Hakuichagua hali hii, na ina tiba."

"Kwa hiyo sina wazimu?" mshonaji akauliza.

"Huna. Mguu tutaufundisha upya."

Haukufundishika upesi. Kwa miezi kadhaa alifanya mazoezi na mtaalamu wa viungo: kutembea kinyumenyume, kutembea akiimba, kupumzika kabla hajachoka. Kuna siku alikata tamaa akarusha fimbo yake ya kutembelea, ikanikosa chupuchupu. Mume, aliyezoea kungoja nje, akaanza kuingia na kuimba naye, vibaya mno. Leo mshonaji amerudi kwenye cherehani. Mguu humsumbua siku nyingine; hukaa, hupumzika, huendelea.

Kwa ajili ya watu kama yeye, Mama Taratibu aliomba kliniki maalumu hadi sauti ikamkauka. Kila mwaka uongozi ulijibu kwamba ombi "linafanyiwa kazi." Hatimaye akapewa siku ya Alhamisi na chumba kilichojaa magodoro mabovu, akayatoa mwenyewe huku akifoka. Mrithi wake bado hajapatikana. Nimeliandika hilo makusudi, maana uongozi nao husoma jarida hili la hospitali.

Mama yetu, ahsante. Umetuchosha, na wapo wanaotembea kwa sababu yako. Nenda kalale mpaka jua likuamshe. Wajukuu wakisema tumbo linawauma asubuhi ya shule, tunajua utawaamini, utawapima, kisha utawapeleka shule. Mungu akuzidishie afya na siku njema.