Mkamata Watu

Tangu basi litoke mji wa Thunder Bay, Kanada, Noreen hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja wa gazeti lake, maana maneno ya kiti cha mbele yalikuwa matamu zaidi. Binti mmoja wa Kianishinabe, wenyeji wa asili wa huko, alikuwa akimwambia bibi aliyeketi naye, huku akiwa hatulii kwa furaha, "Nimepata kazi, bibi! Polisi wetu wenyewe, kwetu hukohuko. Naanza Jumatatu!"

"Polisi!" bibi akaguna. "Unajua lugha yetu inamwitaje polisi? Mkamata watu. Wewe, na sura nzuri hiyo, ukakamate binamu zako?"

"Wakilewa wakaendesha gari juu ya barafu, nitawakamata kabla ziwa halijawakamata!"

Noreen, mwenye binamu wa namna hiyo, akaitikia kwa kichwa nyuma ya gazeti.

"Thubutu umguse mjukuu wangu," bibi akasema, "uone fimbo hii."

"Hapo nitakukamata na wewe, bibi."

Bibi akacheka mpaka meno ya bandia yakataka kumtoka.

Basi likasimama. Ngazi ilikuwa imeganda, inateleza kama sabuni. Bibi akachungulia chini, akasita, kisha akanyoosha mkono.

"Haya, mkamata watu, nikamate. Lakini ukimkamata mjukuu wangu, ole wako!"