Faili Halitoki Mpaka Liitishwe

Kinyozi amezoea kusikia siri za watu vichwa vyao vikiwa mikononi mwake, kwa hiyo asubuhi ile ndani ya basi hakuona haya kuwasikiliza wanawake wawili wa kiti cha mbele. Mmoja alikuwa karani wa masjala, mwingine fundi cherehani. Walijuana kituo kilichopita.

“Miaka kumi na moja natunza mafaili ya wenzangu,” karani alisema. “Wao wanapanda vyeo, mimi nahamisha makabati. Barua ya kuacha kazi nilishaandika.”

“Wakasemaje?”

“Nani? Niliifungulia faili, nikalitia namba, nikaliweka kabatini. Mwaka wa tatu huu.”

Kinyozi alikohoa ili asicheke.

“Dada, si ulipeleke kwa bosi?” fundi aliuliza.

“Kwetu faili halitoki mpaka liitishwe kwa fomu.”

“Ataliitishaje na hajui kama lipo?”

Karani akachomoa fomu mkobani; kumbe hutembea nazo. “Basi niitishie wewe.”

Fundi akacheka, akaona mwenzake hacheki, akatoa kalamu. Alijaza jina, akajaza tarehe. Penye ‘sababu’ mkono ukasita. Akamrudishia fomu pamoja na kalamu. “Hapo siwezi kukujazia. Unakokwenda unakujua wewe.”

Basi likasimama. Karani akashuka bila kuaga. Kinyozi alichungulia dirishani, akamwona ameegemeza fomu kwenye nguzo ya kituo, anaandika. Mstari haukumtosha, aligeuza karatasi, akaendelea nyuma.