Neno la Mama Zamu, Lililochelewa Mdomoni mwa Kaka Yake

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mama Zamu, alizaliwa tarehe 9 Juni 1956, mtoto wa pili wa mkulima na mkunga. Jina hilo hakulipata ukubwani. Tangu ana miaka sita alitupangia zamu ya kukwangua sufuria, na ole wake aliyeruka foleni, hata akiwa kaka yake mkubwa, huyu anayewasomea.

Aliingia shule ya msingi mwaka 1964, akamkuta kaka yake anarudia darasa. Walimaliza pamoja mwaka 1970. Yeye alikuwa wa kwanza, kaka yake wa kumi na tisa. Nyumbani wakaamua aendelee mmoja tu. Akaendelea wa kumi na tisa.

Mwaka 1977 aliolewa na fundi baiskeli, wakajaliwa watoto watatu. Alilima mboga kando ya mfereji tunaogawana na jirani zetu wa ng'ambo ya mto. Kila Jumamosi alichomeka kijiti chenye alama mtoni, akaandika kina cha maji kwenye daftari. Mume wake alimtania, "Huo mto ungekuwa mwanamume, ningeshauonea wivu."

Kwa kanuni za kamati ya mfereji, wanawake walizoa matope lakini mkutanini hawakusema. Mwenye neno alilipitisha kwa ndugu yake wa kiume. Septemba 2005 marehemu alimwambia kaka yake, "Kaka, mto haujawahi kushuka hivi. Waambie wanakamati, watu wa ng'ambo wapewe siku zao tatu za maji. Tukiwafungia lango la mfereji, tutauana."

"Nitasema," kaka yake akajibu.

Hakusema. Aliogopa kuitwa kasuku wa dada yake. Mwanamume mzima, jamani! Lango likafungwa kwa kauli moja, na mkono wake ndio uliotangulia kunyooshwa.

Siku ya nne watu walikutana langoni na majembe. Marehemu aliingia katikati kuamua ugomvi, jembe likamvunja goti. Tangu hapo alichechemea, na hakumwambia mtu kwamba kaka yake alionywa. Goti lilipopona kidogo, aliketi langoni na wanawake wa ng'ambo, wakapanga zamu kwa kufuata daftari lile na kupanda miti kingo zote mbili. Hadi leo haijarushwa ngumi. Cheti cha pongezi kilitolewa kwa jina la katibu wa kamati, yaani kaka yake. Alikipokea, akapiga na picha. Kimetundikwa sebuleni kwake, na marehemu alikuwa akija kunywa chai chini yake. Majuto ni mjukuu, waliosema hawakukosea.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Alifariki hospitalini Jumapili, tarehe 11 Februari 2024. Wiki moja kabla, alimshika kaka yake mkono: "Siku ya kunizika utasoma wewe. Safari hii usilimeze neno langu."

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, na mimi.

Neno lenyewe ni hili, wanakamati mnisikie, maana kanuni ile hatujaifuta: "Mto umeshuka tena. Lango lisifungwe. Daftari nimemwachia binti yangu mkubwa, na mkutanini asimame aseme kwa mdomo wake."

Nimelifikisha, dada. Nisamehe. Lala kwa amani.