Kiti cha Afande Janepher Nabalayo

Wachungaji, wakubwa wa magereza, wazee wa Nakaloke, na ninyi mliopanda magari alfajiri kutoka Walukuba, familia imemtuma Gorreti Khainza, mdogo wa marehemu, asimame mbele yenu asome maisha ya dada yake, naye anaomba msimkatize kwa makofi wala kwa wimbo, kwa sababu historia hii ina hasira ndani yake, na mume wa marehemu ameisikiliza yote leo asubuhi akasema isomwe hivyo hivyo.

Marehemu Afande Janepher Nabalayo alizaliwa tarehe 11 Februari 1974 katika nyumba za wafanyakazi za Walukuba, Jinja, mtoto wa kwanza wa fundi wa mitambo ya kufuma nguo na mama aliyechoma ndizi za gonja nje ya lango la kiwanda, na kwa kuwa mama alikuwa akitoka asubuhi na kurudi jioni, Janepher alibeba wadogo zake mgongoni kabla mgongo wake wenyewe haujakomaa, mtaa mzima ukamsifu kwamba huyu mtoto hachoki. Alikuwa akichoka sana, ila mtoto anayesifiwa hivyo hujifunza mapema kuficha.

Alianza shule ya msingi hapo hapo Walukuba mwaka 1981, na kiwanda kilipopunguza watu familia ikarudi Mbale, baba akapata kibarua upande wa viwanda, Janepher akamaliza darasa la saba mwaka 1987 na kidato cha nne mwaka 1991, akiwa kiranja wa kengele, kazi aliyoishika hata wiki ile aliyougua malaria, alipokuwa akitoka kitandani amejifunga blanketi, anagonga kengele, anarudi kulala, na walimu wakamtolea mfano kwa wenzake badala ya kumpa kengele mtu mwingine.

Mwaka 1995 aliingia katika kazi ya magereza, akatumikia Mbale hadi mwaka 2008, akahamishiwa Jinja, na mwaka 2016 akapewa usimamizi wa upande wa wanawake, ambako askari waliokuwa chini yake, wengine wamekaa hapa wamevaa sare, wanajua sheria yake moja isiyokuwa na mjadala, kwamba askari mgonjwa hashiki funguo. Alikuwa akimtazama mtu usoni kwenye gwaride la asubuhi, anamnyang'anya zamu, anamwambia kwa sauti ya amri, pumzika, na ole wake aliyeonekana langoni kabla hajapona. Alijua vizuri sana kwamba mchoko wa mmoja ni hatari kwa wote, alilijua kwa kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe, na kwa hilo familia inamlaumu hata leo akiwa amelala hapa, kwa sababu upendo haumzuii mtu kusema kweli.

Tarehe 18 Desemba 1999 alifunga ndoa takatifu hapa Nakaloke na Bwana Cleophas Mudoma, mfanyabiashara wa vitunguu katika soko letu, mtu mpole aliyeishi na mke wake kwa kugawana muda wake na watu wengine, na Mungu akawajalia watoto wawili, Conrad aliyezaliwa mwaka 2001, na Racheal aliyezaliwa mwaka 2004.

Sasa tunafika kwenye chama cha kuzikana cha Walukuba, ambacho marehemu alichaguliwa kuwa mwenyekiti wake mwaka 2012, chama kizuri, kimewasitiri wengi, lakini ninyi wenyewe mlijitungia desturi kwamba maiti haiondoki mtaani, mahema hayafungwi na sufuria hazitolewi stoo mpaka mwenyekiti asimame kwa miguu yake atoe rambirambi kwa mdomo wake, na akitumwa makamu, wafiwa wanaona wamedharauliwa. Mzee Obura, makamu wake, alikuwepo miaka yote hiyo na miguu yake mizima, lakini kila alipoombwa alisema watu hawatamkubali, basi Janepher akasindikiza maiti zenu hadi Bududa, hadi Soroti, akarudi usiku, akaingia zamu asubuhi, na mkamwita mama wa wote. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kweli, hakuna hata mmoja wenu aliyeuona uzito wake.

Mwezi Mei 2019 daktari Hemlata wa Jinja alimkuta na presha ya juu, akampa dawa, akamweleza waziwazi kwamba mwili wake unadai usingizi, na siku ya kurudi kwa daktari ikafika pamoja na msiba, akaenda msibani, na tarehe nyingine nayo ikafika pamoja na msiba, akaenda msibani. Bwana Cleophas alimsihi, alikasirika, aliwahi hata kumfungia viatu kabatini, naye akatoka na kandambili. Mwaka 2023 alipumzishwa kazini akaletwa hapa nyumbani alale, na kabla ya Jumapili mlikuwa mmeshamfuata kwa teksi na ugomvi wa chama, mkakaa barazani mkisema, afande, ni dakika mbili tu, mkala chakula cha mchana, mkala na cha jioni.

Tarehe 1 Septemba 2025, akiwa hapa kwa likizo, alianguka jikoni, upande wake wa kulia ukalegea, akalazwa Mbale, madaktari wakamtuliza, akaanza kutamka maneno, akamtambua Conrad, akaomba uji, na kila mtu nyumbani akaanza kupumua. Tarehe 5 kamati nzima ilifika kutoka Jinja, na kwa kuwa kwenu kikao bila mwenyekiti si kikao, mkaona ni heshima kukihamishia wodini, mkapanga viti kuzunguka kitanda, mkafungua kwa sala, mkamsomea nani ashike mahema na nani alitukana nani, na mtu ambaye hakuweza kushika kijiko aliinuliwa kwa mito ili afunge kikao. Alikifunga. Hakuna aliyeona aibu, mlimshika mkono mkamsifu kwamba afande ni chuma, na punda afe, mzigo ufike, na kesho yake, Jumamosi tarehe 6 Septemba, mshipa wa damu ulipasuka tena kichwani, akafariki dunia saa tisa mchana akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Mngedhani yameisha, lakini jana, mwili ukiwa sebuleni, wazee wa kamati walimwita Racheal pembeni, wakamwambia kiti cha mama yake kisitoke katika damu, na mtoto huyu, akiwa hajala tangu Jumamosi, aliinamisha kichwa akasema sawa, kwa sauti ile ile ya mama yake. Baba yake amesema hapana, na Conrad amesema hapana, na leo asubuhi Racheal mwenyewe, baada ya kulala, amesema hapana. Mzee Obura ana miguu, na asimame.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbale kwa siku walizompigania, inamshukuru daktari Hemlata aliyesema kweli ikapuuzwa, inawashukuru majirani wa Nakaloke waliokesha nasi na kuteka maji, askari wenzake waliolibeba jeneza, na ninyi wa Walukuba pia, kwa sababu mahema tuliyokaa chini yake ni yenu na machozi yenu si ya uongo, ila mkirudi nyumbani, mtazameni usoni kila anayewaongoza, na mkiona amechoka, mnyang'anyeni funguo.

Afande Janepher, wewe uliwapa wengi amri hii na hakuna hata mmoja aliyekuwa na cheo cha kukupa wewe, basi leo mdogo wako anakupa, mbele ya wakubwa zako wote, na hakuna atakayekuita tena. Pumzika.