Darweshi Shariff, Aliyepiga Picha Woga wa Watoto

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mtu asiyetulia. Darweshi Shariff wa Bondeni, Nakuru. Amefariki Jumanne iliyopita, mwaka huu wa 1958, akiwa na miaka arobaini na mmoja tu.

Wengi mlimjua kama fundi wa gari la sinema. Alizunguka Naivasha, Gilgil, hadi Mau Narok, akionyesha filamu za sabuni na majosho ya ng'ombe. Lakini Darweshi alikuwa na sinema yake mwenyewe, na ilikuwa ya kutisha. Haikuwa na hadithi. Haikuwa na waigizaji. Ilikuwa na woga wa watoto, basi.

Kila alikopita aliwauliza watoto, "Unaogopa nini?" Kisha akalipiga picha jibu lao. Koti la baba msumarini, dakika mbili nzima, kamera imelazwa sakafuni. Mlango wa ghala unatikisika na upepo hakuna. Mtoto mmoja wa Mau Narok alimtajia zimwi la mguu mmoja lenye mdomo unaowaka. Darweshi akakwaruza filamu kwa sindano ya kushonea, mpaka ukutani pakarukaruka kitu cheupe kisicho na umbo.

Vipande vya kwanza alivionyesha mchana, ukumbini Bondeni, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mzee Kimutai, dereva wake, aliinuka akatoka nje. "Hiyo koti ni ya marehemu babangu," alisema, jasho linamtiririka. "Huyu ameitoa wapi?" Koti lenyewe, wapendwa, lilikuwa la Darweshi.

Watoto zaidi ya arobaini walimjibu. Mmoja alikataa. Mboni, binti yake mwenyewe, wa miaka saba. Hapo Darweshi akakosa raha kabisa. Alimuuliza jikoni. Alimuuliza njiani akimpeleka chuoni kusoma Kurani. Alimnunulia hata kashata. Bila jibu lake sinema haikuwa na mwisho.

Kuluthum, mkewe, anasema: "Alikuwa akijifungia chumbani kutwa nzima, gizani, kusafisha filamu zitoe picha. Mara anatembea, mara anagonga debe la maji, mara ananguruma kama lile zimwi la sinema yake. Mimi nilishazoea. Mtoto sikumfikiria."

Mwezi uliopita kifua kilikuwa kimeshambana. Alikuwa mle ndani, anakohoa, filamu za miezi minane zimo ndani ya beseni. Akamsikia Mboni analia nje ya mlango. Akauliza kwa mazoea tu, "Unaogopa nini, mama?"

Safari hii akajibiwa. "Nakuogopa wewe, baba. Ukiwa humo."

Wasikilizaji wapendwa, filamu isiyosafishwa ikipigwa na mwanga imekufa. Darweshi alilijua hilo kuliko mtu yeyote Nakuru. Aliufungua mlango wote. Kazi ya miezi minane ikageuka nyeusi machoni pake. Akamshika mtoto mkono, akamwonyesha beseni, debe, kamba ya kuanikia. "Ni mimi tu," alimwambia. "Ni mimi tu, mama."

Hakupiga picha nyingine tena. Sinema ile haina mwisho, na mimi inaniuma, sitawaficha.

Bi Kuluthum, mwanetu Mboni, na jamaa wote wa Bondeni, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu Darweshi. Nawe unayenisikiliza, muulize mtoto wako leo anaogopa nini. Usimcheke. Na akikutaja wewe, usimkaripie.