Barua ya Tatu Niliiandika Mimi

Mama mwenyekiti wa akina mama wa kanisa amenipa dakika kumi, na nimeona wengine wakicheka. Mnanijua kwa domo. Leo domo lenyewe ni zito, kwa hivyo nivumilieni. Na nyinyi wasichana mliomaliza kidato cha nne, msijifiche huko nyuma. Hasa ni nyinyi nimekuja kuzungumza nanyi.

Mnaniona nikienda kazini na nguo zangu nyeupe, mnasema, huyu Mungu alimfungulia mlango. Ni kweli. Lakini mimi kwanza nilijaribu kuingilia dirishani.

Miaka ya sabini tulikaa mtaani hapa hapa Mbotela, mama na mimi, chumba kimoja. Mama aliuza mboga. Asubuhi moja aliinama kufunga sukumawiki, hakuinuka. Upande wa kulia wote ulipooza. Nikawa nampeleka hospitali kila wiki kwa mazoezi ya viungo, ile kazi wasomi wanaita fiziotherapi. Mkubwa wa pale alikuwa mama mmoja mkali, sitamtaja jina. Alinifundisha kumkunjua mama vidole, kimoja kimoja, asubuhi na jioni. Akaona nina subira, akaniruhusu kubaki kuwasaidia wagonjwa wengine kushika vyuma na kutembea. Ndugu zangu, niliipenda ile kazi mpaka nikawa naiota.

Shule ya kazi hiyo ilitaka barua tatu za kukupendekeza: ya mchungaji, ya mwalimu mkuu, na ya mtu wa hospitali aliyekuona ukifanya kazi. Sasa si mnajua mambo yetu? Ukimwendea mkubwa kuomba barua, anakuambia nini? "Nenda uandike mwenyewe, ulete nitie sahihi." Aha, mnacheka! Mchungaji alisema hivyo, na mwalimu mkuu vilevile. Nikaandika, nikajisifu bila haya, mpiga taipu akapiga, wao wakatia sahihi bila hata kusoma. Nikaona kumbe barua ni kitu cha kujipikia.

Yule mama wa hospitali hakuwa hivyo. Aliniambia, "Mimi naandika kwa mkono wangu yale niliyoyaona kwa macho yangu. Nipe muda." Halafu akaenda kwao magharibi, likizo, na fomu za shule zilitakiwa Ijumaa ya wiki ile ile. Ningeweza kwenda shuleni kuomba siku chache. Sikwenda. Niliandika barua ya tatu, nikaipeleka kwa mpiga taipu, kisha nikaweka sahihi ya yule mama wa hospitali. Nilikuwa nimeiona mara nyingi kwenye kadi ya matibabu ya mama yangu.

Nikaitwa kuhojiwa. Kuingia tu, namwona yule mama wa hospitali ameketi mezani katikati ya wahoji. Woi! Akaisoma ile barua kwa sauti, polepole, mbele ya wenzake. Kisha akauliza, "Ni mimi niliyesema haya?"

"Hapana, mama."

"Nenda nyumbani."

Basi, hivyo tu. Afadhali angenipigia kelele.

Nyumbani mama alikuwa ameketi mlangoni na majirani wawili, wananingoja. Akaniuliza kwa ule mdomo wake uliopinda, "Wamekuchukua?" Haki ya Mungu, njia nzima nilikuwa nimejiandaa kusema ukweli. Lakini jirani alishaanza kupiga vigelegele. Nikasema, "Wamenichukua."

Uongo huo niliubeba mwaka mzima. Kila asubuhi nilichukua mkoba wenye daftari tupu, nikatembea mpaka mtaa wa Pumwani, nikaosha vikombe kwenye hoteli ya mama mmoja wa Majengo mpaka saa kumi na moja jioni. Hospitali sikukanyaga tena, kwa sababu ningemtazamaje yule mkubwa? Na mimi nisipokwenda, mama angepelekwa na nani? Nyumbani nikimshika mkono, anauliza, "Haya ndiyo mliyofundishwa leo?" Anauliza kwa furaha, jamani, anataka kujua. Sikuweza kulivumilia swali lile. Nikaacha kumshika.

Mnanielewa? Mimi niliyejua dawa ya ule mkono niliacha kuushika. Vidole vikajikunja ndani, siku baada ya siku, mwisho ikawa ngumi isiyofunguka. Wageni wakija, aliifunika kwa leso.

Mvua ya masika ikamletea nimonia, akafa. Tulipokwenda kumvalisha, akina mama waliniambia, "Wewe unayesomea viungo, mnyooshe mkono." Nilijaribu. Nilijaribu nikilia, haukufunguka. Tulimzika hivyo.

Baada ya matanga nilikwenda hospitali. Sikwenda kuomba barua, nilikwenda tu kusema. Yule mama alinisikiliza. Nilipofika kwenye habari ya mkono, alivua miwani akapangusa macho. Kisha akaniuliza, "Bado unaitaka kazi hii?"

"Sistahili."

"Sikukuuliza hivyo."

Akaniweka kusukuma wagonjwa kwenye viti vya magurudumu, miezi sita, chini ya macho yake. Siku moja akachukua kalamu, akaandika mbele yangu, akanipa nisome kabla hajafunga bahasha. Mstari wa kwanza ulisema: Msichana huyu aliwahi kughushi sahihi yangu. Wa pili ulisema nilirudi mwenyewe bila kuitwa. Ndipo akaeleza kazi niliyofanya. Barua hiyo, ndugu zangu, pamoja na aibu yake yote, ndiyo iliyoniingiza shule.

Namshukuru mama yule popote alipo. Namshukuru yule wa Majengo, aliyejua siri yangu na kila jioni akiniambia, "Mwanangu, nenda ukaseme kwenu." Nawashukuru akina mama wa kanisa hili mliolala nami sakafuni matanga yote. Wasichana, barua ikichelewa, iacheni ichelewe, mwaka mwingine utakuja. Na ukikataliwa, sema siku hiyo hiyo, hata kama watu wameshaanza kushangilia.

Watu huniuliza kama mama alikuja kujua. Hakujua. Wiki ile alipougua alimwambia daktari wa zahanati, "Binti yangu anasomea hospitali, mtafanya kazi pamoja." Nilikuwa nimesimama hapo kando ya kitanda, nikanyamaza. Sasa sina pa kwenda kumwambia. Ndiyo maana nimekuja kuwaambia nyinyi mliomjua.